Rosaline Nakhungu na Neno la Siku

Ukiwa Kitale na unataka barua nzito, watu wa mtaa wa Tuwan hawatakuuliza ni barua ya nini. Watakuonyesha kibanda cha mabati ya buluu kilichobanwa kati ya kinyozi na mama wa maandazi, chenye kibao kilichoandikwa NAKHUNGU EXECUTIVE SECRETARIAL BUREAU. Ndani mna kompyuta moja, printa moja inayokohoa kabla ya kutoa karatasi, muhuri wa duara, na mwanamke wa miaka arobaini na saba aliyening'iniza miwani kifuani kwa kamba ya kiatu. Huyo ndiye Rosaline. Kwingine utachapiwa barua. Kwa Rosaline utachapiwa Kiingereza.

Nimemjua miaka mingi, na kabla sijakueleza jinsi alivyokaribia kufungiwa nje ya boma lao siku ya kuweka msalaba kwenye kaburi la mama yake, acha nianze na habari ya kamusi.

Rosaline ni mtoto wa Chwele, kule Bungoma. Alisoma hadi kidato cha pili, masomo yakakwama, akaja Kitale kufanya kazi ya nyumbani kwa Hiram Mbogo, mkulima wa mahindi. Watoto wa Mbogo walipomaliza shule waliacha kamusi kubwa ya Kiingereza jikoni. Rosaline alipoiona, herufi A na B zilikuwa zimeshaisha kuwasha jiko. Akaomba apewe kilichobaki. Ndiyo maana mpaka leo Kiingereza chake kigumu kinaanzia C.

Akajiwekea sheria, na sheria hiyo hajaivunja hata siku za homa. Kila asubuhi anachagua neno moja asilolijua, kwa kufuata mpangilio wa kamusi, akihesabu kurasa ili Januari aanze na C na Desemba afike Z. Kisha neno hilo sharti aliweke katika sentensi tatu kabla ya jua kutua. Sentensi ya kuandika kwenye daftari haihesabiwi. Ni lazima imguse mtu aliye hai, au karatasi inayokwenda kwa mtu aliye hai. Neno ambalo halijatumika mara tatu, anasema, bado ni la mwenye kamusi.

Sentensi ya kwanza kwa kawaida humwangukia Gladwell Kabura, yule mama wa maandazi wa mlango wa pili.

"Kabura, maandazi yako leo ni ubiquitous."

"Ni ya kumi kumi kama jana," Kabura hujibu, akigeuza mafuta.

Sentensi ya pili humpata kinyozi. Ya tatu, na hapa ndipo mambo yalipoanza kunoga, huingia kwenye kazi ya mteja wa kwanza atakayepiga hodi. Awe amekuja kwa jambo lolote, neno la siku linamsubiri.

Mzee Kipketer, wa kijiji kinachoitwa Kwanza, alikuja kuandikiwa ombi la mbolea siku ambayo neno lilikuwa melancholy, yaani huzuni nzito ya moyoni. Barua ikaeleza kwamba mahindi ya mzee yalikuwa yamesimama shambani katika melancholy. Karani wa mbolea aliisoma mara mbili, akatoka nje, akamshika Kipketer mkono kwa heshima kama anayempa pole ya msiba, akampa magunia yake siku hiyohiyo. Watu waliokuwa kwenye foleni tangu Jumatatu walibaki wakitazamana. Kesho yake nusu yao walikuwa kwa Rosaline.

Msichana mmoja, Chesang, aliomba kazi ya upishi hotelini. Neno lilikuwa formidable, mtu wa kuogopwa. Wakamwajiri kama askari wa getini. Hakulalamika, mshahara ulikuwa bora na sare alipewa.

Lakini Rosaline alistawi hasa kwenye wasifu wa marehemu. Unajua sisi na mazishi. Mtu ameishi miaka themanini bila kusema sentensi ya Kiingereza, lakini siku ya kuzikwa anasomewa kurasa tatu za Kiingereza, mbele ya watu ambao nao wanangoja chakula. Ukisomewa kwa Kiswahili watu hunong'ona kwamba watoto hawakujipanga. Kwa hiyo marehemu wa Trans-Nzoia nzima wakawa wanapita kwenye printa ya Rosaline, na wakaanza kufanana kwa kufuata kalenda. Waliokufa Aprili wote walikuwa gregarious na generous. Wa Juni walikuwa magnanimous, watu wa moyo mpana, hata yule mzee aliyejulikana kwa kufunga ng'ombe wa jirani. Ukivumilia mpaka Agosti unakuwa philanthropic, mfadhili wa wanyonge. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu asiyeelewa huogopa kuonekana, na anayeelewa huogopa kuonekana anajivuna.

Hakuna aliyeuliza, isipokuwa dada yake.

Phanice ndiye mkubwa. Anauza vitunguu soko la Chwele. Mama yao alipopooza, Phanice alimchukua, akamlisha na kumgeuza kitandani kwa miaka sita, huku akiamka alfajiri kupanga vitunguu. Rosaline alikuwa akituma kitu kidogo na kupiga simu Jumapili. Mama alipofariki, mwezi wa tano mwaka juzi, ilionekana wazi nani atazungumza. Rosaline alisimama na karatasi tatu, akasoma kwa sauti ya mtangazaji. Watu walipiga makofi, mazishini. Phanice alikuwa amekaa mstari wa mbele, mikono magotini, akingoja kusikia jina lake. Karatasi ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu.

Walipokuwa wakiosha masufuria, Phanice alimuuliza, "Losa, mimi nilikuwa wapi kwa hiyo kitu umesoma?"

"Uko ndani, dada. Nimesema family members."

Phanice akafuta mikono kwa leso, akaingia nyumbani. Tangu siku hiyo simu ya Rosaline haikupokelewa. Alipotuma mtu kuulizia, jibu lilirudi hivi: "Mwambie nikishika simu yake nitahitaji mtu wa kunitafsiria."

Sasa mwaka huu, Januari, habari ikafika Kitale kwamba Phanice amepanga siku ya msalaba, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kule kwetu siku ya msalaba si mchezo. Simiti inamwagwa, msalaba wenye jina unasimamishwa, na watoto wa marehemu husimama pamoja wakaonekana. Mtoto ambaye hayupo siku hiyo, watu huacha kumhesabu. Rosaline hakualikwa. Alijua ni lazima amwombe dada yake msamaha, na kabla ya Jumamosi hiyo.

Mtu mwingine angepanda gari akaenda. Rosaline aliketi mbele ya kompyuta.

Aliandika siku tatu. Neno sorry alilifikiria akalitupa. Aliliona la watoto wa chekechea, na tena liko S, zamu yake ingefika mwezi wa kumi. Kwa bahati mbaya au nzuri, Januari ni mwezi wa C, na C ni herufi tajiri. Barua ilipokamilika ilikuwa na nambari ya kumbukumbu RN/FAM/01, kichwa cha herufi kubwa kilichopigiwa mstari chini, na juu kabisa maneno WITHOUT PREJUDICE, ambayo alikuwa ameyachapa mara nyingi kwenye barua za mawakili na yalimpendeza macho. Ndani alimjulisha dada yake kwamba alikuwa cognizant, kwamba alijawa na contrition, na kwamba aliomba clemency. Akaipiga muhuri wa duara mara mbili. Akampa Kimutai, dereva wa pikapu anayepeleka kabichi Chwele, aifikishe mkononi.

Sasa nifuate mpaka Chwele. Phanice alipokea bahasha katikati ya vitunguu. Akaona muhuri. Akaona herufi kubwa na mstari chini yake. Moyo ukamwenda mbio, kwa sababu kule kijijini karatasi ya namna hiyo haijawahi kuleta heri kwa mtu yeyote. Akaipeleka kwa mzee wa kijiji. Mzee alivaa miwani, akaisoma kwa midomo bila sauti, akarudi juu, akashuka tena, akaivua miwani.

"Hii ni shamba," akasema.

"Umeona shamba imeandikwa hapo?"

"Phanice, karatasi ikiwa na herufi kubwa namna hii ni shamba. Na hapa chini iko clemency. Hiyo huwa inasemwa kwa redio sikukuu, wakitoa watu jela. Huyu dada yako ameshaenda mbali."

Kwa hiyo barua ya kuomba msamaha ikawa kesi ya ardhi. Phanice hakulala vizuri. Asubuhi akapanda gari hadi Bungoma mjini, kwa kijana anayeitwa Tonny ambaye huandikia watu barua chini ya mwavuli, karibu na maduka ya vitabu. Tonny naye alikuwa na sifa zake. Phanice akamwambia, nami namnukuu kama alivyonisimulia mwenyewe: "Andika hivi. Shamba ya Mama haina maneno. Na yeye ajue huyo alikuwa mama yangu pia."

Hayo tu. Lakini Tonny aliitazama barua ya Kitale kwa makini, kama fundi anayetazama ukuta wa fundi mwenzake, akaona hapa hawezi kushindwa.

Barua ya jibu ilirudi na Kimutai siku ya nne. Rosaline aliifungua mlangoni, akaisoma wima. Ikasema kwamba anaonywa akome forthwith, yaani mara moja, kufikiria perambulating ndani ya boma la marehemu siku ya Jumamosi au siku nyingine yoyote. Nakala ilikuwa imetumwa kwa chifu, kwa mchungaji, na kwa mkuu wa kituo cha polisi.

Nisikufiche alichofanya kwanza. Aliingia ndani akafungua kamusi.

"Perambulate," akamwambia Kabura, akitoka na kidole bado ndani ya ukurasa. "Kutembeatembea. Hiyo sikuwa nayo. Huyu mtu ameruka mpaka P na mimi niko C, bana. Kabura, kuku wako wanaperambulate kwa jiko yako."

"Barua imetoka wapi?"

"Kwa Phanice. Lakini si yeye ameandika, hii ni mtu amesoma. Angalia hii forthwith vile imekaa."

Kinyozi naye aliitwa aje aone. Aliambiwa kwamba wateja wake huperambulate nje wakingoja zamu. Zilikuwa sentensi mbili, na Rosaline alikuwa akitafuta mtu wa tatu barabarani, Kabura alipopunguza moto.

"Rosaline. Inasema nini?"

"Nimekuambia, perambulate ni..."

"Sijauliza neno. Nimeuliza barua. Inasema nini?"

Rosaline akarudi kwenye karatasi. Safari hii aliisoma polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Alipofika kwenye boma la marehemu, akaketi kwenye debe la mafuta la Kabura.

"Inasema nisiende kwa Mama."

Kabura akafuta mikono. "Na wewe ulimwandikia nini?"

Rosaline hutunza nakala ya kila kitu. Akaileta. Kabura, ambaye alimaliza kidato cha nne kwao Nyandarua lakini hajitangazi, akaisoma yote huku maandazi yakiungua.

"Pole iko wapi hapa?"

"Hapo. Contrition."

"Hiyo ndiyo pole?"

"Ni pole kubwa."

"Sawa. Basi hiyo kubwa haiwezi kubebwa na pikapu. Ipeleke wewe."

"Ameniandikia nisikanyage."

"Bomani. Sokoni hakuna mtu anaweza kukufukuza. Siku ya soko ni kesho kutwa. Enda na miguu yako, na hiyo kalamu yako uniachie."

Chwele siku ya soko ni kama wilaya nzima imemwagwa barabarani. Ng'ombe upande huu, ndizi upande ule, pikipiki zimebeba kuku vichwa chini, na vumbi la Januari juu ya kila kitu. Rosaline alifika na koti lake la ofisini na mkoba. Akampata Phanice amekaa juu ya gunia, akichagua vitunguu vilivyoanza kuoza. Kando yake alikuwepo Judy, muuza nyanya, mwanamke wa kusema anachofikiria.

"Mulembe, dada," Rosaline akamwamkia kwa lugha ya kwao.

Phanice hakuinua kichwa. "Umekuja na askari ama wako nyuma?"

"Askari wa nini?"

"Wa shamba."

"Shamba gani? Mimi sijasema shamba."

Phanice akaingiza mkono kwenye aproni, akatoa ile barua. Ilikuwa imekunjwa mara nyingi mpaka imekuwa laini kama noti ya zamani. "Na hii ni nini? Mzee amesoma. Akasema ni kesi. Nimekaa siku ngapi nikingoja watu wa kupima waje."

"Dada, hiyo nilikuwa naomba msamaha."

Judy akaacha kupanga nyanya. Phanice akainua kichwa sasa, akamtazama mdogo wake, kisha barua, kisha mdogo wake.

"Na hii?"

"Hiyo."

"Na stampu mbili?"

Rosaline akashusha mkoba begani.

"Keti," Phanice akasema, akimsogezea gunia. "Soma. Mimi niko na mpaka saa kumi. Ukifika kwa neno ngumu unasimama, unaniwekea kwa sentensi. Si ndiyo kazi yako hiyo? Tulipokuwa tunapukuchua mahindi ulikuwa unanichosha nazo. Haya, leo nataka."

Rosaline akavaa miwani. Mstari wa kwanza tu akasimamishwa.

"Cognizant ni kujua. Kuwa na habari ya kitu."

"Sentensi."

"I am cognizant of..."

"Losa."

"Najua." Akaishusha barua magotini. "Najua ulimgeuza Mama usiku kila baada ya saa mbili, ili asitoke vidonda. Miaka sita. Na asubuhi ulikuja hapa. Najua hakutoka kidonda hata kimoja, daktari alishangaa."

"Na hapo ndiyo imeandikwa hivyo?"

"Hapo imeandikwa domestic exertions. Kazi za nyumbani."

"Mh," Phanice akasema. Mteja akauliza bei ya kitunguu, akapimiwa, akaongezwa viwili, akaenda. "Endelea."

"Contrition. Ni kusikia vibaya kwa roho juu ya kitu umefanya."

"Nani anasikia vibaya?"

"Mimi."

"Umefanya nini?"

Mwanamke mwenye madaftari kumi na tisa ya maneno alikaa juu ya gunia la vitunguu akifungua mdomo na kuufunga.

"Sentensi," Judy akamkumbusha kwa upole, kama anayemsaidia mtoto darasani.

"Siku ya mazishi nilisimama mbele ya watu," Rosaline akaanza, "na jina lako sikulitaja. Sikusahau. Nilikuwa nataka watu wasikie vile mimi najua Kizungu. Kila mstari nilikuwa naangalia walimu wa pale, kama wanasikia. Sikukuangalia wewe."

Phanice alikuwa akimenya kitunguu kimoja kilekile, ganda baada ya ganda, mpaka kikabaki kidogo kama punje.

"Na yale maneno ya Mama," akauliza. "Yale ulisoma. Watu walisema ni maneno mazuri. Ulichagua aje?"

Kama kuna mahali ambapo Rosaline angeweza kudanganya, ni hapo. Hakuna mtu Chwele yote angejua.

"Nilikuwa nimefika I," akasema.

"I gani?"

"Kwa kamusi. Ilikuwa mwezi wa I. Illustrious, impeccable, indomitable. Zote ni I. Sikuchagua."

Kile kitunguu kikawekwa chini. Halafu Phanice akatoa sauti puani. Nilipokuwa nikisimuliwa nilidhani alikuwa analia, lakini hapana. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Kwa hivyo Mama angengoja mwezi moja..."

"Angekuwa M."

"Na mama ya Wafula mwenye tulizika mwezi wa nane, ulimwandikia wewe?"

"Philanthropic. P."

"Yule mama mwenye alikuwa anakataza watoto maji ya kisima," Judy akasema, akashika tumbo.

Walicheka mpaka mtu wa ndizi akaja kuuliza kuna nini. Phanice alipomaliza kujifuta macho, hakuwa anacheka tena, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Losa, Mama hakuwa I. Mama alikuwa mtu wa kelele. Alikuwa anapenda sukari akificha. Alikuwa anakutaja kila Jumapili kabla simu yako ilie, akiulizia kama umekula. Mimi nilikaa pale mbele nikasikiliza nikafikiri wameleta maiti ya mtu mwingine."

Rosaline akavua miwani. Akasema neno lile la watoto wa chekechea, kwa lugha yao ya nyumbani, na mimi sitaliandika hapa kwa sababu halikuwa langu.

"Bado iko moja," Phanice akasema, akigonga barua. "Hiyo ya jela."

"Clemency. Ni kumwachilia mtu hata kama makosa ni yake."

"Sitaki sentensi ya hiyo. Hiyo nitaweka mimi mwenyewe. Jumamosi utakuja."

"Nakala iko kwa polisi."

"Huyo Tonny aliongeza. Mimi nilimwambia mistari mbili, ati mpaka polisi. Nitampitia. Utakuja, na utaongea juu ya Mama, si unajua kuongea. Hakuna karatasi. Na utaongea na lugha yenye alikuzaa nayo. Ukiweka neno moja la Kizungu, nasimama naenda kwa sufuria, na watu wote wataona nimesimama."

"Dada, hiyo Lubukusu yangu imeisha. Niko Kitale miaka thelathini."

"Basi itakuwa fupi."

Jumamosi Rosaline alikuja bila koti la ofisini. Fundi alikuwa ameshachimba na kukoroga simiti, msalaba ukiwa umelazwa kwenye nyasi. Mchungaji aliomba, akasema mtoto wa marehemu atazungumza. Walimu wa pale walikaa vizuri kwenye viti. Walikuwa wamekuja kwa ajili ya Kiingereza, na mmoja alikuwa na kalamu.

Rosaline akasimama, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Akataja jina la mama yake. Akasema mama yake alilelewa miaka sita na Phanice, akalitaja jina hilo polepole, akalirudia tena ili wa nyuma wasikie. Mwalimu mwenye kalamu akaifunga. Sentensi ya tatu ikaenda vizuri. Katika ya nne alitaka kutaja ule ungo wa kupepetea wimbi ambao Mama hakuruhusu mtu mwingine aguse, na neno likamponyoka. Alisimama pale. Alikuwa na neno la ungo kwa Kiswahili, na la Kiingereza pia, lakini yote mawili hayakuwa lugha ya Mama, na dada yake alikuwa mstari wa mbele, miguu tayari kuinuka.

Akamgeukia. Akauonyesha ungo kwa mikono, akipepeta hewa.

Watu wakaanza kunong'ona. Phanice akalisema lile neno kutoka alipokaa, bila kuinuka, kama mtu anayempa mwenzake chumvi mezani.

Rosaline akalipokea, akaendelea. Sentensi mbili, akakwama tena. Phanice akampa tena. Mara ya tatu Phanice aliona inachosha kurusha maneno kutoka kwenye kiti, akaenda akasimama kando yake. Basi wakawa wanasema hivyo, mmoja anaanza, mwingine anamalizia, mmoja akikosea mwaka mwingine anamkatiza mbele ya watu wote. Sukari iliyofichwa chini ya kitanda ikatajwa. Kelele zikatajwa. Mzee wa kijiji, ambaye bado alikuwa na wasiwasi kuhusu shamba, akasahau.

Rosaline akadhani wamemaliza, akageuka kwenda kuketi.

"Bado," Phanice akamwambia, akimshika mkono. "Sema ile ya Mama na redio."

"Hiyo sema wewe."

"Sema wewe. Nitakupa maneno."

Kwa hiyo Rosaline akasimulia, kwa Lubukusu yenye mashimo, jinsi mama yao alivyozoea kumjibu mtangazaji wa habari, na jinsi jioni moja mtangazaji alipomtakia usiku mwema, Mama alikataa, akamwambia bado hajaeleza vizuri ile habari ya bei ya mahindi, airudie. Watu walicheka mpaka akina mama wa jikoni wakatoka na miiko. Mchungaji alikuwa akingoja kuendelea. Fundi alikuwa amesimama na mwiko wake, simiti ikianza kukauka kwenye karai, akicheka naye.